Beji ya SDR kwa mkutano wa mahaka: kutoka karatasi tupu mpaka isikike shingoni

Kila mkutano wa mahaka (watu wa kuchezea kompyuta na saketi) ukikaribia hapa Mombasa maswali ya beji ya SDR, yaani beji ya shingoni yenye redio ambayo kazi kubwa inafanywa na programu, ni yale yale, nitumie chipu gani, itashika FM, inaweza kurusha, mbona yangu inavuma tu kama friji bovu. Bas naandika mara moja, atakayeuliza tena ntamrushia hii.

Jambo moja ulishike tangu mwanzo manake hatua zote hapa chini zinarudi kwake: adui mkubwa wa redio ya kwenye beji ni beji yenyewe. Skrini, taa, USB, saa ya chipu (mipigo inayoiendesha), kigeuza umeme, vyote vinapiga kelele sentimita mbili kutoka kwa antena. Kuunda redio si kazi kubwa siku hizi, kazi ni kuinyamazisha beji.

Tunaunda nini

Redio ya kupokea tu, 5 mpaka 12 MHz, yaani masafa mafupi. Humo ndani utapata vituo vya matangazo vya mita 49, 31 na 25, mahamu (watu wa redio ya kujifurahisha wenye leseni) wa mita 40 kati ya 7.0 na 7.2 MHz, vituo vya saa kwa 5 na 10 MHz kama WWV ya Marekani siku ambayo anga imekubali, na kwa vile sisi ni watu wa bandari kuna 8414.5 kHz ambapo meli zinaita dharura kwa DSC, mwito wa kidijitali.

Haitashika FM. Haitashika ishara za ndege za Moi International kwa 1090 MHz wala AIS, ishara za kujitambulisha za meli zinazoingia Kilindini, hiyo iko kwa 161.975 na 162.025 MHz. Ukitaka hizo nunua RTL-SDR, kijiti cha redio cha USB, uchomeke kwa laptopu, umemaliza, huhitaji mwongozo huu.

Kuna wanaouliza kwa nini tusinakili rad1o, ile beji ya Chaos Communication Camp ya 2015 kule Ujerumani iliyotokana na HackRF One, redio ya SDR ya Michael Ossmann. Ni beji ya kuheshimika sana, lakini chipu zake za redio ni ghali, bodi yake haisameheki ukikosea, na inarusha. Kurusha Kenya kunataka leseni ya Communications Authority, na sidhani unataka watu wazima kwa watoto wamevaa transmita shingoni na wengi wao hawajui wamebonyeza nini. Pokea tu, lala usingizi.

Uwe navyo kabla hujaanza

- Raspberry Pi Pico moja ya majaribio, ni kibodi kidogo cha kompyuta. Kwa beji yenyewe utaweka chipu yake tupu, RP2040, ni kama dola moja
- Moduli ya Si5351A ya kutoa mipigo ya saa, ile yenye kristali ya 25 MHz
- SN74CBTLV3253, hii ndio swichi ya kuchanganya mawimbi
- Opampu (za kukuza mawimbi) mbili ndani ya chipu moja, MCP6022 inatosha kabisa
- Kapasita za C0G (zile zisizobadilika na joto), koili mbili za 1 mikrohenri, rezista za asilimia 1
- Skrini ya OLED ya SSD1306, nchi 0.96
- Kishikio cha betri tatu za AA au AAA
- Multimita, pasi ya kusolda yenye ncha nyembamba, flaksi, alkoholi ya isopropili
- KiCad kwa kompyuta, programu ya kuchora bodi, ni ya bure
- Cha kuchungulia mawimbi: oskiloskopu ukipata ya kuazima, au nanoVNA, kipimo kidogo cha redio, ya kutoa wimbi la majaribio

Vitu vidogo vidogo utavipata mjini au uagizie Luthuli Avenue Nairobi viletwe na basi. Chipu kama 3253 usihangaike nazo madukani, agiza pamoja na bodi. Na uhesabu VAT ya 16% na ushuru mwengine mzigo ukifika, watu wengi bajeti yao hufia hapo.

Nadharia kidogo tu. Redio hii inakata wimbi linaloingia mara nne kwa kila mzunguko, inatoa njia mbili zinazopishana nyuzi 90, tunaziita I na Q, alafu programu inafanya yaliyobaki. Ukiwa na I na Q unajua kama sauti iko juu au chini ya pale ulipoweka redio. Ukiwa na moja tu hujui, kila kituo kitakuja mara mbili.

Hatua

1. Anza na umeme.

Najua unataka kuanza na chipu. Hapana. Weka betri tatu za AA, 4.5 V zikiwa mpya, zipite kwa regyuleta (ya kushikilia volti) ya kawaida ya 3.3 V isiyokata umeme vipande vipande. Mimi natumia MCP1700, inatoa mpaka miliampia 250 na inahitaji chini ya 0.2 V juu ya 3.3, kwa hivyo betri zinanyonywa mpaka karibu 1.17 V kila moja. Beji nzima itakula kama miliampia 100, betri nzuri za AA zitafika siku nzima ya mkutano.

Onyo: usiweke regyuleta ya AMS1117 kwa sababu tu ndio imejaa madukani. Hiyo inataka kama volti moja zaidi ya inayotoa, manake betri zikianza kushuka kidogo tu beji inaanza kujizima na kujiwasha na wewe utalaumu programu.

Onyo la pili: kigeuza cha kupandisha umeme kutoka betri mbili ni kelele tupu kwa masafa haya. Na betri za lithiamu zile bapa, kwa kitu kinachokaa kifuani siku nzima joto la Mombasa na watu wanasukumana, mimi siziweki. Mwenyewe ukiziweka lazima kuwe na saketi ya kinga, na kuzisafirisha kwa ndege ni shida nyengine.

Ili USB na betri visigombane, tumia MOSFET ya P kama AO3401, ni swichi ya umeme yenye miguu mitatu: dreni kwa betri, sosi kwa umeme wa beji, geti kwa 5 V ya USB na rezista ya 100k ya kuivuta chini. Umeme wa USB wenyewe uingie kwa dayodi ya Schottky. Ukichomeka USB betri inajitoa yenyewe.

2. Jaribu yote kwa Pico kabla ya kuchora chochote.

Weka Pico kwa bredibodi na moduli ya Si5351. Kitu ambacho wengi hawakijui: regyuleta ya kwenye Pico ni ya kukata kata, na mzigo ukiwa mdogo inaingia hali ya kuokoa umeme inayomwaga kelele kwa ADC, sehemu ya chipu inayogeuza volti kuwa namba. Pandisha pini ya GPIO23 juu kwa programu, kelele inapungua. Kwa beji yenyewe tatizo hili halipo, ushaweka MCP1700.

3. Saa mbili zinazopishana nyuzi 90.

Saa hapa ni mipigo ya kuiongoza swichi. Si5351 iko kwa anwani 0x60 ya I2C, njia ya chipu kuongea. Ndani yake kuna PLL, saketi ya kuzalisha mawimbi, inayozunguka kati ya 600 na 900 MHz alafu inagawanywa. Chagua kigawanyo kizima, cha shufwa, na hapo mambo yanakuwa rahisi mno: namba unayoweka kwa rejista ya fezi (kupishana kwa mawimbi) ya CLK1, saa ya pili, ile ya 166, ndio hiyo hiyo namba ya kigawanyo. Mfano unataka 7.1 MHz, kigawanyo 86, PLL iende 610.6 MHz, rejista 166 iwe 86, ya CLK0, saa ya kwanza, ibaki sifuri. Ushapata nyuzi 90.

Rejista hiyo mwisho wake ni 127, na ndio sababu tunaanzia 5 MHz, chini ya kama 4.7 hesabu inagoma.

Kila ukibadilisha kigawanyo andika 0xA0 kwa rejista 177 ili PLL zianze upya, la sivyo fezi inabaki popote ilipoangukia. Ukisogea kidogo ndani ya bendi ile ile sogeza PLL tu, usiguse kigawanyo, usianzishe upya, la sivyo utasikia "tik" kila ukizungusha.

4. Swichi ya 3253.

CLK0 na CLK1 ziende kwa pini za kuchagua, S0 na S1. Antena iingie kwa pini ya pamoja, ipitie kapasita kwanza, na iegemezwe 1.65 V kwa rezista mbili. Kila moja ya pini nne za kutoka, B1 mpaka B4, iwe na kapasita ya nanofaradi 22 kwenda graundi. Kwa antena ya ohm 50 hiyo inakupa upana wa kama 30 kHz kila upande, unatosha.

Hapa ndipo bodi nyingi hufa, kwa hivyo soma polepole. Mpangilio wa S1 na S0 kuzunguka ni 00, 01, 11, 10. Si 00, 01, 10, 11! Kwa hivyo swichi inapita B1, B2, B4, alafu B3. Jozi zinazopingana ni B1 na B4, na nyengine ni B2 na B3. Ukiunganisha B1 na B3 kwa sababu inaonekana nadhifu kwa skematiki, redio itapokea kitu, ndio, lakini I na Q zitakuwa zimevurugika na hakuna programu ya kukuokoa.

Kapasita hizo nne ziwe C0G na zitoke kwa ukanda mmoja. Za bei rahisi zinatofautiana na zinabadilika na joto.

Nusu ya pili ya chipu, kama huitumii, pini yake ya kuwezesha ifungwe kwa 3.3 V.

5. Opampu na ADC.

B1 na B4 ziingie opampu ya kwanza, B2 na B3 ya pili. Rezista za kuingia 1k, za kurudisha 100k, hapo umekuza mara 100. Sambamba na kila 100k weka pikofaradi 33, inakata kila kitu juu ya kama 48 kHz kabla hakijafika ADC.

Usitumie NE5532, kwa 3.3 V haifanyi kazi vizuri. LM358 nayo ni pole mno.

Matokeo yaende kwa pini za ADC, GPIO26 na GPIO27. Umeme wa ADC uupitishe kwa rezista ya ohm 200 na kapasita ya mikrofaradi 2.2, kama walivyofanya kwa Pico wenyewe.

6. Filta na antena.

Swichi hii inasikia pia mara tatu ya pale ulipo. Uko 7 MHz, na 21 MHz inaingia vile vile. Kwa hivyo filta ni lazima: pikofaradi 150 kwenda graundi, mikrohenri 1 kwa mstari, pikofaradi 470 kwenda graundi, mikrohenri 1, pikofaradi 150. Inakata karibu na 13 MHz. Kwa 21 MHz inapunguza kama 20 dB, nzuri. Ukiwa 5 MHz mara tatu yake ni 15 na hapo inapunguza 7 dB tu, kwa hivyo kule chini utaona mizimwi, vituo ambavyo si vya hapo, ukubali au uongeze filta ya pili.

Antena: kamba ya shingoni. Pitisha waya mwembamba ndani ya utepe, mita moja hivi. Nikuambie ukweli, mita moja kwa wimbi la mita 42 ni ya kuonja tu, vituo vikubwa vya usiku utavipata lakini mahamu ni bahati. Ndio maana lazima uweke na soketi ya SMA, mtu achomeke waya wa mita 5 au 10, autupe nje ya dirisha, asikie redio. Karibu na soketi weka dayodi za BAV99 za kuzuia cheche za mwili.

7. Chora bodi.

Kila mtu Mombasa anataka beji ya umbo la zile pembe za ndovu za Moi Avenue. Sawa, zinapendeza, lakini ncha nyembamba za bodi ya milimita 1.6 zinavunjika mtu akikaa tu kwenye matatu. Chora pembe kwa wino mweupe juu ya bodi yenye umbo la kawaida, au acha ncha ziwe nene. Na ukibaki ndani ya milimita 100 kwa 100 viwanda vingi vya China vina bei ya chini kwa saizi hiyo.

Mambo ya kuangalia hapa:

- Upande wa chini wote uwe graundi, usiukate kwa njia ndefu. Njia ya umeme ikikatiza graundi chini ya 3253 umejiletea kelele kwa pesa yako.
- Redio kona moja, RP2040 na USB kona ya pili, skrini mbali na antena. Betri katikati.
- RP2040: kristali ya 12 MHz na rezista ya 1k upande wa XOUT, ohm 27 kwa kila waya wa data wa USB, kapasita za mikrofaradi 1 kwa regyuleta yake ya ndani. Raspberry Pi wametoa karatasi ya jinsi ya kuichora, fuata neno kwa neno, hapo si mahali pa ubunifu.
- USB-C: rezista mbili za 5.1k, CC1 yake na CC2 yake. Ukiziunganisha pini zote mbili kwa rezista moja kuna kebo zitakataa kabisa kutoa umeme.
- Matundu mawili ya kamba, si moja. Tundu moja beji inazunguka na watu wanaangalia mgongo wa bodi siku nzima.
- Weka soketi ya SAO, ya kuchomekea vibeji vidogo, ya pini sita, watu watakuja na vikolombwezo vyao.
- Taa za rangi rangi za WS2812... zinapiga kelele. Ukishindwa kuziacha, weka kitufe cha kuzikata umeme kabisa. Kuzizima kwa programu hakutoshi, chipu iliyo ndani inaendelea kufanya kazi.

8. Oda na kusolda.

Oda tano kwanza, hata kama mkutano ni wa watu mia. Miguu ya RP2040 imepishana milimita 0.4, iache kiwanda kiisolde pamoja na vitu vidogo, nyinyi mbakishe skrini, kishikio cha betri, vitufe na SMA. Hivyo vinatosha kwa darasa la kusolda asubuhi ya mkutano, na mtu anatoka na kitu alichokimaliza mwenyewe.

Kwa pwani lipia bodi yenye mipako ya dhahabu, ENIG. Chumvi na unyevu wetu si mchezo. Na flaksi ioshwe kwa alkoholi ikauke kabisa, manake flaksi iliyobaki ikinyonya unyevu inaanza kupitisha umeme kidogo kidogo, na upande wa opampu wenye rezista za 100k utauona.

9. Programu.

Weka ADC ipokezane njia mbili, sampuli 500,000 kwa sekunde, kwa hivyo 250,000 kila njia, DMA (mbeba namba ndani ya chipu) ibebe. Kiini kimoja kifanye hesabu za redio, cha pili skrini na vitufe. RP2040 haina kitengo cha desimali, fanya hesabu kwa namba kamili. Ukipenda desimali nenda RP2350, chipu yenye kitengo hicho.

Sasa lile ambalo karibu kila mtu huliruka. ADC ni moja, inasoma I alafu baada ya mikrosekunde 2 inasoma Q. Kwa sauti iliyo 10 kHz kutoka katikati huo ni upotevu wa nyuzi 7.2, na kivuli cha kituo kitabaki kama 24 dB tu chini ya kituo chenyewe. Dawa yake ni mstari mmoja wa programu: Q inaangukia katikati kabisa ya I mbili zinazofuatana, kwa hivyo chukua wastani wa I iliyopita na inayofuata, tumia huo. Tofauti utaisikia kwa masikio.

Pia usiweke kituo katikati kabisa, pale kwa sifuri kuna uchafu wa umeme na mvumo wa 50 Hz. Weka Si5351 pembeni kama 6 kHz alafu sogeza kwa programu. Punguza sampuli mara 16, unabaki na 15,625 kwa sekunde. Kwa AM chukua ukubwa wa I na Q. SSB, mtindo wa sauti wa mahamu, ongeza baadae AM ikishaimba.

Sauti itoke kwa PWM (mipigo ya upana unaobadilika) ya biti 10, ipite rezista na kapasita zilizo karibu kabisa na pini, iende kwa iafoni. Spika usiiweke, ukumbi mzima ukiwa na beji mia zinaongea hamtasikizana.

Skrini iandikwe tu kitu kikibadilika.

10. Washa kwa utaratibu.

Beji mpya usiichomeke betri na kuomba dua. Pima kwanza ohm kati ya 3.3 V na graundi. Alafu umeme. Alafu USB ukishikilia kitufe cha BOOTSEL, kompyuta ionyeshe diski ya RPI-RP2. Alafu tafuta 0x60 (Si5351) na 0x3C (skrini) kwa I2C. Alafu saa mbili kwa oskiloskopu. Mwisho ndio toa wimbi la 7.1 MHz kwa nanoVNA iliyowekwa karibu, usikize.

Kwa mchezo wa siku yenyewe, mtafute hamu mwenye leseni, wenye namba za 5Z4, arushe ujumbe wa Morse kwa mita 40 wakati mliokubaliana. Beji zote zitafute. Inachangamsha kuliko taa.

Ikigoma

*Haionekani kwa kompyuta.* Badilisha kebo kwanza, nyengine ni za kuchaji tu. Alafu angalia kristali na rezista za ohm 27.

*Kuna mluzi mahali pamoja kila siku.* Kwa 12 MHz ni kristali ya RP2040, hauondoki, uruke. Ukisogea unapogusa skrini, ni skrini. Ukipotea ukichomoa USB ni chaja ya simu uliyotumia.

*Kelele ndani, kimya nje.* Beji haina makosa, ni taa za LED na chaja za ukumbini. Toka nje.

*Kila kituo kinakuja mara mbili kwa nguvu sawa.* I au Q moja haifiki. Ona kama opampu moja imekaa 0 au 3.3 V badala ya 1.65. Kama zote ziko sawa, rudi hatua ya 4 uhesabu B zako.

*Kivuli kipo lakini dhaifu.* Wastani wa I umeusahau, au kapasita nne hazilingani.

*Vituo vinaeleweka kinyume, cha juu kiko chini.* Badilisha I na Q kwa programu, usiguse bodi.

*Mchana hakuna kitu, usiku zinajaa.* Hiyo ni anga. Mchana jaribu mita 25, magharibi ikiingia shuka 31 na 49.

*Inajizima ukiongeza sauti.* Betri zimeisha, au uliweka AMS1117.